Mikate Ndani ya Gauni

Kama wiki iliyopita hukulipata gazeti, acha nikufupishie aibu yangu. Studio yangu ya picha ilifungwa baada ya pazia la nyuma, lile lililochorwa maporomoko ya maji, kuwaangukia bwana harusi, bibi harusi na keki yao. Nikabaki na kamera, koti na mchumba.

Mchumba huyo ni fundi cherehani, mnamjua kwa jina la Sindano. Baba yake ni Mzee Tanuri, mwenye duka la mikate. Nilipokwenda kujitambulisha kwake, alinitazama kuanzia kiatu hadi kofia, kisha akauliza, "Kupiga picha ni kazi au ni maradhi?"

Niliwaacha hapo. Leo shikilieni viti vyenu, maana mzee huyo hakunifukuza. Alinifanyia kubwa zaidi. Wiki kadhaa baadaye alinipa nafasi.

Binti yake wa kwanza, Dada Mkubwa, alikuwa na mimba iliyokwisha kuiva. Mumewe ni fundi wa minara ya simu, yuko mbali kikazi, na kurudi kwake hakuna anayekujua. Tumbo la mkewe alikuwa analiona kwenye simu tu, tena likikatika-katika. Dada alitaka picha za kumtumia. Picha za studio hakutaka hata kuzisikia, na nadhani mnaelewa kwa nini. Alitaka nje, penye miti, jua la asubuhi, gauni jepesi, bila makorokoro.

Tatizo lilikuwa moja. Baridi ilikuwa imepamba moto, kama baridi inaweza kupamba moto. Asubuhi ukikanyaga majani yanalia chini ya kiatu.

"Baba hatakubali," Sindano aliniambia.

Baba alikubali. Alikubali upesi mno, na kama ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini. Lakini mtu mwenye mapenzi na mwenye akili timamu ni watu wawili tofauti.

"Mpeleke," Mzee Tanuri alisema, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. "Mchana kaka yangu anakuja kusikiliza posa yako. Mjomba wako aje aongee. Lakini binti yangu akirudi hapa akapiga chafya, hata moja, hata ndogo, mwambie mjomba wako asijisumbue kuvaa viatu."

"Chafya moja tu, baba?"

"Usiniite baba."

Basi hapo mnaona maisha yangu yalipofikia. Ndoa yangu ilikuwa imening'inia kwenye pua ya shemeji yangu.

Wasomaji wangu, kumpiga picha mjamzito nje wakati wa baridi si kubonyeza tu. Koti halivuliwi mpaka kila kitu kiwe tayari. Chini ya gauni refu anavaa soksi za sufu na mabuti, nani atajua? Pua ikianza kuwa nyekundu, unasimama, anajifunika, anakunywa kitu cha moto, mnaanza upya. Na betri ya akiba unaifuga kwapani, maana betri ikipigwa na baridi hujifanya maiti.

Hayo yote nilimweleza Sindano katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, huku jasho likitutoka, kwa sababu ukuta wa chumba hicho ndio mgongo wa tanuri. Alinisikiliza huku pini zimemjaa mdomoni.

"Umemaliza?" akasema pini zilipotoka. "Haya, tazama kazi."

Akaligeuza gauni ndani nje. Kwenye bitana, usawa wa kiuno na mgongoni, alikuwa ameshona mifuko mipana yenye vifuniko.

"Ya nini?"

"Ya mikate."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sisi watoto wa tanuri hatujawahi kununuliwa glavu," alisema. "Baridi ikija, baba anakufungia mkate wa moto kwenye kitambaa, unautia ndani ya sweta, unakwenda nao shule. Unakupasha njia nzima. Ukifika, unaula. Hakuna mtoto wa nyumba hii aliyewahi kuugua mafua."

"Dada mwenyewe anasemaje?"

Dada Mkubwa akaingia, tumbo likitangulia. "Dada anasema muache kuchonga mdomo muweke mikate. Mimi nataka picha, shemeji, sitaki mkutano."

"Juu ya tumbo tusiweke," nikasema. "Joto kali hapo si zuri."

"Mkunga kaniambia hivyo hivyo. Mgongo ruksa. Tena huu mgongo unanililia siku nyingi, utafurahi."

Tukaiba mikate. Nasema tukaiba kwa sababu hakuna aliyemwomba Mzee, naye hakuwepo. Wasaidizi wake walisema ametoka kunyoosha miguu. Tukaichukua ikiwa inatoka motoni, tukaifunga vitambaa, Sindano akamvalisha dada yake gauni, akapachika mkate huku na mkate kule. Juu yake koti zito. Dada akafumba macho.

"Jamani," akasema, "hii ndiyo raha. Mume wangu asirudi haraka."

Tulipanga kwenda uwanja wa mpira, na Mzee alijua hivyo. Lakini tulipofika uwanjani tulikuta upepo unatusubiri kama mtu mwenye kisa na sisi. Dada alivua koti, gauni likampanda kichwani, ikabidi nigeuke nitazame nguzo za goli. Mabuti, soksi za sufu, mikate, vyote vikawa hadharani.

"Piga picha!" Dada alifoka kutoka ndani ya kitambaa.

"Hii siwezi kupiga, shemeji!"

"Basi tuondoke!"

Tukahamia bustani ya bwawa, ng'ambo ya barabara, ambako kuna miti mirefu na uzio mnene wa vichaka unaozuia upepo. Mtu hakuwepo, au mimi nilidhani hakuwepo. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia.

Picha za mwanzo zilikuwa mbaya, sifichi. Dada alipandisha mabega mpaka masikioni, akakaza taya kama anayesubiri kuchomwa sindano.

"Tabasamu, shemeji."

"Si ndiyo hili?"

"Hilo ni meno tu."

"Meno si ndiyo tabasamu? Unataka nini kingine, ini?"

Sindano alikuwa ameshika trei ya kuokea mikate, ile ya bati linalong'aa, anarudishia mwanga usoni kwa dada yake. Mikono ilikuwa inamtetemeka, kwa hiyo mwanga ukawa unacheza shingoni, puani, kwenye mti. Nikamwambia atulie. Akaniambia nije nishike mwenyewe. Kamera ikazima, Dada akajifunika koti. Nikaingiza mkono kwapani nitoe betri ya akiba, nikaibadilisha na ile iliyozima, nikaipeleka iliyozima kwapani ipate fahamu. Baridi ya betri hiyo iliponigusa ubavu nikaruka na kutoa sauti ambayo mwanaume hatakiwi kuitoa mbele ya mchumba.

Dada akaangua kicheko.

Alicheka kwa tumbo zima, na lilikuwa tumbo kubwa. Mabega yakashuka. Taya ikalegea. Nikamwona mtu mwingine kabisa amesimama pale.

"Vua koti!" nikapiga kelele. "Sasa hivi! Sindano, trei!"

Koti likatoka. Jua likawa limemkalia nyuma ya bega. Na hapo, wasomaji wangu, mikate ikafanya kazi ambayo sikuiomba. Joto lake lilipokutana na baridi, mvuke ukaanza kutoka kwenye kola ya gauni, kwenye mikono, mgongoni. Ukapanda polepole, jua likaupiga, ukawaka dhahabu. Dada akaweka mkono chini ya tumbo, akatazama chini akiwa bado anacheka, akamwambia mwanawe kitu ambacho sisi hatukukisikia.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nilikuwa nabonyeza huku nacheka peke yangu.

"Vipi?" Sindano akauliza.

"Usiniulize. Nitalia."

Sijui niwaelezeje furaha ile. Tangu pazia lianguke nilikuwa najiona sifai hata kupiga picha ya kitambulisho. Sasa nilikuwa na picha kwenye kamera ambayo ningeweza kuitundika popote duniani bila kuona haya. Nikamrukia Sindano, nikambusu shavu, trei ikaanguka, ikalia kengele bustani nzima.

Wakaja bata.

Sijui kama ni kelele ya trei au ni harufu ya mkate wa moto. Walitoka bwawani mmoja mmoja, kwa heshima, kisha wakatoka wote bila heshima. Wakamzunguka Dada. Mmoja akavuta pindo la gauni. Mwingine akaingia chini yake.

"Shemeji!" Dada alipiga yowe huku anacheka. "Kuna mtu kwenye soksi zangu!"

"Usitembee! Hapo hapo! Inapendeza!"

"Inapendeza nini, ananing'ata!"

Nikapiga hizo nazo. Mjamzito amepandisha gauni mpaka magotini, mabuti nje, kichwa nyuma, mdomo wazi, bata wamejaa kama wameitwa kwenye karamu. Alisema anataka picha za asili, na asili ilikuja yenyewe.

Firimbi ikapigwa.

Mlinzi wa bustani alikuwa mtu mfupi mwenye kofia kubwa. Alikuja mbio, akasimama mbele yetu, akaonyesha kibao.

"Soma."

Nikasoma. Ni marufuku kulisha bata.

"Hatuwalishi," nikasema. "Tunapiga picha."

"Bata hawamfuati mtu bure. Mkate uko wapi?"

"Mkate gani?" Sindano akauliza, macho makavu.

"Mimi nina mkate?" Dada akafungua mikono yote miwili aonyeshe ilivyo mitupu, bila kitu. Na kwa kufungua mikono, kifuniko cha mfuko kikaachia. Mkate ukateleza mgongoni, ukashuka kwenye paja, ukapiga buti, ukatokea kwenye majani mbele ya mlinzi ukiwa unafuka moshi.

Tuliutazama wote. Bata waliutazama pia, lakini si kwa muda mrefu.

"Na huu?" mlinzi akauliza.

"Huo..." nikaanza.

"Nyamaza. Nawajua watu wa namna hii." Akamgeukia Dada, akalipima tumbo kwa jicho lililojaa uzoefu. "Mama, toa mingine."

"Mingine ipi?"

"Hiyo ya mbele. Yote. Kuna bibi mmoja alikuja hapa na mimba kama hiyo, akapita kwenye geti kwa huruma zangu, alipofika bwawani akajifungua makombo gunia zima. Safari hii sidanganyiki. Toa."

"Huyu ni mjamzito!" nikasema.

"Hata yule alisema hivyo."

"Baba wee," Dada akamwambia, sauti imeshuka, na mimi nilishaijua nyumba ile kiasi cha kurudi nyuma hatua moja. "Unataka nitoe?"

"Ndiyo."

"Nitoe hapa hapa?"

"Sheria ni sheria."

"Basi nawe tandika koti lako chini, maana huyu akitoka hatorudi ndani."

Kabla mlinzi hajajibu, mtoto mwenyewe akaingilia mazungumzo. Sijui kama ni mkate ulioondoka akakosa joto, au ni hasira za mama yake. Akapiga teke. Gauni lilikuwa jepesi, tumbo likatokeza upande wa kulia, likarudi, likatokeza tena.

Mlinzi akaruka nyuma, kofia ikaanguka.

"Umesogea," akasema.

"Nani?"

"Mkate."

Sindano alikaa chini kwenye majani yenye barafu kwa kucheka. Mimi nilishikilia mti. Dada alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa gauni, na mlinzi, maskini, alipong'amua kwamba ni mtoto kweli, akaanza kucheka na yeye, akavua koti lake akataka kumfunika. "Samahani mama, samahani sana, hongera mama." Akawafukuza bata kwa kofia. Tukawa marafiki hapo hapo.

Ndipo tukasikia chafya.

Chafya nzito, ya kutoka rohoni.

Kicheko kikakatika. Nikamgeukia Dada.

"Siyo mimi!" akasema, mikono juu kama aliyeshikwa na polisi. "Naapa! Shemeji, nitazame pua, kavu!"

"Siyo mimi," akasema Sindano.

"Mimi mafua yangu niliyamaliza mwezi uliopita," akasema mlinzi.

Chafya ikaja tena. Ilitoka kwenye uzio wa vichaka. Majani yakatikisika, yakatoa kiatu, kikafuata kiatu cha pili, na mwishowe akatoka Mzee Tanuri mzima mzima, vijiti kwenye kofia, pua nyekundu kama taa ya gari.

"Baba!" mabinti wakaita kwa pamoja.

"Nilikuwa nalinda," Mzee akasema. "Nilisema chafya hata moja. Nimekaa humo nasikiliza."

"Chafya umepiga wewe," Dada akamwambia.

"Mimi sihesabiwi."

Akajaribu kusimama wima, mwenye duka, mwenye mamlaka. Macho yake yakashuka chini, yakauona mkate uliobaki nusu midomoni mwa bata. Uso ukabadilika. Nikajua basi, mjomba wangu anaweza kuvua viatu.

"Ule ni mkate wangu," akasema.

Sindano akaingiza mkono nyuma ya gauni la dada yake, akatoa mwingine, akampa. Mtoto wa mwokaji haongei uongo mbele ya mkate.

Mzee akaupokea. Akaufungua kitambaa. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akaunusa, akauweka shavuni.

"Umetoka motoni saa ngapi?"

"Mapema, baba. Kabla ya kwenda uwanjani."

"Mmezunguka nao kote huko?"

"Kote."

"Na bado una joto." Akatugeukia mmoja mmoja, mlinzi pia. "Mnaona? Mnaona unga ulivyoumuliwa? Mkate wa yule jirani yetu ungeshakuwa tofali saa hizi!" Akaumega, akampa mlinzi kipande, akajipa mwenyewe. Alikuwa anatafuna huku anatabasamu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona mzee huyo akitabasamu.

Nikaona bahati inapita mbele yangu, nikairukia.

"Mzee, tazama na hii," nikasema, nikamfungulia skrini ya kamera.

Ilikuwa ile picha ya mvuke. Dada amesimama kwenye dhahabu, mkono chini ya tumbo, anacheka na mtu asiyeonekana.

Mzee akaacha kutafuna.

Akavua kofia. Aliposema, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mama yenu alikuwa anacheka hivi. Alipokuwa na mimba yako wewe, alikuwa anacheka hivi hivi. Sina hata picha moja." Akafuta pua, na safari hii haikuwa baridi. "Kijana."

"Naam, mzee."

"Mjomba wako ana viatu vizuri?"

"Anavyo."

"Mwambie avivae. Mimi kwa upande wangu nimekubali. Na uniite baba."

Wasomaji wangu, mnajua mtu anapigaje kelele akiwa hana la kusema? Nilimwinua Sindano juu, tukazunguka, tukaanguka, bata wakatupisha. Dada akapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Mlinzi akapiga firimbi yake kwa shangwe, yeye mwenyewe anavunja sheria za bustani. Nilisema "baba" mara nyingi kuliko nilivyowahi kusema tangu nizaliwe, na kila nikisema Mzee anaitika.

Dada alikuwa amejifunika koti tena, kamera mkononi, anajitazama. "Hebu nione uso," akasema. "Mume wangu atataka kuona uso. Unakuzaje hii picha, shemeji?"

"Bonyeza hapo kwenye alama ya kuongeza."

Akabonyeza. Picha ikakua, lakini ikakimbilia pembeni, ikaacha uso ikaenda kwenye uzio wa vichaka nyuma yake. Mpiga picha mzuri hutazama kwanza kilichoko nyuma. Mimi asubuhi ile nilitazama mvuke tu.

Dada akaisogeza kamera karibu na macho. Sindano akainamia skrini.

Penye uwazi kati ya vichaka alionekana Mzee Tanuri, kofia yake ya kazini kichwani. Hakuwa anasikiliza chafya ya mtu. Alikuwa ameishika mikono ya mwanamke, yote miwili, ameileta karibu na mdomo wake, anaipulizia pumzi ipate joto. Mwanamke alikuwa ametupa mgongo. Alijitanda shali ya sufu mpaka kichwani.

"Baba," Dada akasema polepole. "Tulikuaga tunakwenda uwanjani. Wewe ulijuaje kama tuko huku?"

Mzee akauma mkate. Akautafuna sana.

"Baba. Huyu unayempulizia mikono ni nani?"

Mlinzi akachungulia juu ya bega langu. "Aa, hao!" akasema kwa furaha. "Hao ni watu wangu wa kila wiki, tangu baridi ianze. Wanakaa kwenye benchi la nyuma. Hawajawahi kulisha bata hata siku moja. Watu wastaarabu sana."

Mabinti waligeuka kumtazama baba yao. Mzee alikuwa mwekundu, na si pua peke yake. Nilitaka kucheka. Nilikuwa upande wake kwa moyo wote, baba mkwe wangu mpya, nikawa najiandaa kumtetea. Nikafungua kinywa niseme kwamba mjane naye ni binadamu.

"Toka tu, mpenzi," Mzee akaviambia vichaka. "Wameshatuona."

"Mpenzi!" Sindano akanong'ona.

Majani yakatikisika. Mwanamke akatoka kwa upande, taratibu, anajikung'uta miiba kwenye shali. Akainua uso.

Alikuwa mama yangu.

"Mwanangu," akasema. "Mbona kifua wazi na baridi yote hii? Umekula?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema nimekula.

"Huyu ni mama yako?" Sindano akaniuliza. "Mama yako wa kukuzaa?"

"Nilikwenda dukani kukuombea," mama akaniambia, anaongea na vifungo vya koti langu, anavifunga kimoja kimoja. "Uliporudi siku ile umeulizwa kama kazi yako ni maradhi, hukulala. Nikaona niende nimweleze mzee wa watu kwamba mwanangu si mtu mbaya. Nikaenda kukuombea. Nikachelewa kurudi."

"Kila wiki?" nikauliza.

"Lilikuwa jambo la kueleza taratibu."

Dada akaanza kucheka tena. Alishindwa kujizuia, na mimi nikaanza kucheka naye, maana kwa kweli lilichekesha. Mama yangu na Mzee Tanuri, kwenye vichaka! Nikamshika Mzee bega. "Baba!" nikamwambia. "Sasa ni baba kweli kweli! Tunaoa wote!"

Mzee hakucheka. Wala mama.

"Hapo ndipo penye shida," Mzee akasema. Alikunja kile kitambaa cha mkate, akakikunjua, akakikunja tena. "Kaka yangu nilimdokeza jana. Yeye ndiye mkubwa, bila yeye hakuna posa inayopokelewa kwetu. Alikataa katakata. Anasema baba akimwoa mama, watoto wao ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hata kama ni ndugu wa jana. Posa iingie moja tu leo, nyingine tuisahau."

"Lakini umeshanikubali," nikasema. "Sasa hivi. Mlinzi kasikia."

"Nilisema kwa upande wangu." Akamtazama mama yangu. "Na upande wangu unaniuma, kijana."

Vidole vya Sindano vilikuwa vimeushika mkono wangu, vikaukaza.

Mama alikuwa amemaliza vifungo. Hakuviachia. Mikono yake haikuwa ya baridi hata kidogo.

"Tangu baba yako afariki," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kunipulizia mikono." Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Wewe bado kijana, mwanangu. Wewe utapata mwingine. Mimi nitampata wapi?"

Wote wakanigeukia. Sindano alikuwa wa kwanza.